Kiangazi cha baiskeli Usambara: tuanze na njia ipi, na miteremko tuishuke vipi?

Mwendesha_Tanga

Ndugu zangu wapenda baiskeli, natumaini hamjambo nyote.

Sisi ni marafiki watano tunaoishi Tanga mjini, wanaume watatu na wanawake wawili, na tangu mwaka juzi tumejiwekea desturi ya kuitumia miezi ya Juni, Julai na Agosti, masika yakishakwisha na njia za udongo zikishakauka, kupanda Usambara Magharibi na baiskeli zetu kila baada ya wiki mbili. Kwa mtu anayeshinda na joto la pwani mwaka mzima, kuamka Lushoto, kwenye kimo cha takriban mita 1,400, akatoka nje alfajiri na kuona pumzi yake ikitoka kama moshi, ni jambo analolingojea kuanzia Januari. Tunapanda gari la mapema, baiskeli zikiwa zimefungwa juu pamoja na mizigo ya watu, na jioni tunarudi tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na mfuko wa karoti kwa kila nyumba.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, mwenzetu mmoja aliumia. Asubuhi tulikwenda Irente, tukakaa pale ukingoni tukitazama tambarare ya Mazinde ilivyo chini kabisa, mashamba ya mkonge yakionekana kama mkeka uliotandikwa, kisha mchana tukaamua kushuka kwa lami kutoka Lushoto hadi Mombo, umbali wa kilomita 33 hivi. Tulipoipita Soni, yeye akiwa mbele yangu kidogo, nilimwona anakamata breki zote mbili na baiskeli haipungui mwendo hata kidogo. Mikono ya breki ilikuwa imegusa usukani. Alikuwa na akili ya kuielekeza baiskeli kwenye ngema ya upande wa mlima badala ya kuendelea na kona, na ndiyo iliyomsalimisha, lakini alivunjika mtulinga na akakaa wiki sita mkono ukiwa umefungwa kifuani.

Lililotushangaza ni kwamba tulipoiokota ile baiskeli, baada ya nusu saa hivi, breki zilikuwa zinashika kama kawaida. Duka lililomuuzia, ambalo huuza baiskeli za mtumba, lilizijaribu likasema hazina kasoro yoyote. Ni breki za diski za mafuta, na pedi zilikuwa bado nene.

Sasa amepona na anataka kurudi nasi kiangazi hiki, ila anasema wazi kwamba kila akifikiria mteremko ule viganja vyake vinatoka jasho. Kati yetu wawili bado ni wageni wa milima, mmoja ana nguvu kutushinda wote na hapendi kusubiri. Naomba mwongozo katika mambo mawili. Kwanza, safari zetu sita au saba za mwaka huu tuzipange kwa mfuatano gani ili wote wafike na wote wafurahi? Pili, ni nini hasa kilichotokea kwenye zile breki, na tufanye nini kisijirudie? Sitaki kumwambia rafiki yangu "usiogope" bila kuwa na sababu ya kumpa.

Fundi_Korogwe

Mwanangu, pole kwa yaliyomkuta mwenzako, na nakushukuru kwa kueleza kwa utaratibu, kwa sababu maelezo yako yamenipa jibu. Nimetengeneza baiskeli kwa zaidi ya miaka thelathini, na hili la breki "kufa" kisha "kufufuka" limefika kwenye banda langu mara nyingi, karibu kila mara likitokea kwenye barabara hiyohiyo.

Rafiki yako alichemsha mafuta ya breki. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 85, nguvu yote ya mteremko ule lazima iende mahali, na isipokwenda kwenye mwendo wala kwenye upepo, inageuka kuwa joto kwenye breki. Nilifundishwa hesabu yake zamani: joto hilo lote likikusanywa, linatosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji baridi. Upepo huchukua sehemu kubwa ukikimbia, lakini ukiwa mwoga, ukashuka polepole huku umebana breki mfululizo, upepo hauna cha kuchukua, na joto lote linaingia kwenye visahani viwili vyembamba vya chuma.

Mafuta ya breki yasiyobadilishwa kwa miaka huingiwa na maji. Maji huchemka kabla ya mafuta na kutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabanika. Kwa hiyo unapokamata breki unaubana mvuke tu, nguvu haifiki kwenye pedi, na mkono unakwenda mpaka kwenye usukani. Vyuma vikipoa mvuke unarudi kuwa maji, na breki zinashika tena. Ndiyo maana duka halikuona kasoro: walizijaribu zikiwa za baridi, uani, kwa mwendo wa miguu. Baiskeli ya mtumba inaweza kuwa ilikaa ghalani miaka kadhaa kabla ya kuvuka bahari, na hakuna anayefikiria kubadili mafuta yake kwa sababu hayaonekani.

Basi, kabla ya safari ya kwanza, kila mwenye breki za mafuta abadilishe mafuta yote na kutoa hewa. Hapa naomba mniamini: kuna aina mbili za mafuta, yale ya madini na yale yanayofanana na ya breki za gari, na ukiweka aina moja kwenye breki iliyotengenezwa kwa nyingine, mipira ya ndani huvimba na kuharibika. Aina inayotakiwa huandikwa kwenye kifuniko kidogo karibu na mkono wa breki. Fundi akikwambia "mafuta ni mafuta," chukua baiskeli yako uondoke. Pedi nazo uzitoe uzitazame, kwa maana unene si kila kitu. Zilizoungua uso wake hung'aa kama kioo, na hizo hazifai hata kama ni nene. Wenye breki za rimu wasidhani wamesalimika. Joto lao linaingia kwenye rimu, na nimeona tyubu ikipasuka kwa mlio wa bunduki katikati ya mteremko bila kuchomwa na chochote.

Namna ya kushuka ni hii. Acha baiskeli iende kwenye sehemu iliyonyooka unayoiona mpaka mwisho, kisha kabla ya kona kaza breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi, shuka mwendo mpaka ule unaouhitaji, uachilie, ndipo uingie kwenye kona. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli, usiiogope, ila usiikaze ukiwa umeshalala kwenye kona. Kila baada ya kilomita tatu au nne simama. Peleka kiganja karibu na diski bila kuigusa. Ukihisi joto linakupiga kama la jiko, kaa chini upumzike mpaka lipungue. Usimwagie maji, diski itapinda.

Upepo wa tairi nao ni jambo ambalo vijana hawalisikii. Mafundi wengi wa mjini hujaza tairi mpaka iwe ngumu kama jiwe, kwa sababu ndivyo inavyofaa baiskeli ya mizigo. Kwenye njia ya mawe na mizizi, mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana na tyubu anatosheka na paundi 30 hadi 35. Tairi iliyojaa kupita hapo hurukaruka, na tairi iliyo hewani haina breki.

Binti_Mlalo

Naanza kwa kumsalimu mzee wetu wa Korogwe, shikamoo. Nimezaliwa Mlalo na nafanya kazi Lushoto, na njia ambazo kaka Mwendesha anazisifu ndizo nilizopita kwenda shule na kwenda shambani na mama, kwa hiyo nitazungumzia mfuatano wa safari.

Kosa la mwaka jana, naliona mimi, lilianza kabla ya breki. Mlipelekwa juu na gari, kisha mkashuka barabara ambayo hamkuipanda. Barabara uliyoipanda kwa miguu yako unajua kila kona ilivyokaa, wapi lami imemeguka, wapi maji yanachirizika kutoka kwenye mwamba na kuacha utelezi, wapi malori ya kabichi yanapiga honi kwa sababu hayawezi kuona mbele. Kwa hiyo kanuni ninayowapa wageni wote wanaoniuliza ni moja: msishuke msichokipanda. Ikiwa mmoja wenu hawezi kuipanda njia fulani, hata kwa kuisukuma baiskeli, basi njia hiyo si ya siku hiyo.

Safari ya kwanza fanyeni Mombo hadi Soni na kurudi, mkianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijakaa kwenye bonde. Soni mtapumzika karibu na maporomoko, mtakula mahindi ya kuchoma, na atakayetaka kuishia hapo hana deni na mtu. Muhimu ni kwamba rafiki yenu atapita mahali alipoanguka akiwa anapanda, taratibu, na ataweza kushuka, kuegemeza baiskeli na kupatazama. Mimi naamini hilo litamfaa kuliko maneno ya kumtia moyo.

Ya pili iwe Lushoto hadi Irente na vijiji vya kule, kwa sababu ni fupi na ina miinuko midogo mingi ya kuwafundisha wageni kubadili gia mapema kabla mlima haujawakamata. Ya tatu na ya nne mpeni Magamba. Ule ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo mpitie ofisini, mlipe, na mwende na mwongozo, msijitafutie vichochoro. Huko juu mkulo na miti mingine mikubwa imefunga kivuli, mbega wanaruka juu yenu wakiwa na mikia yao meupe, na ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi hata katika Julai. Mizizi iliyolowa kwa ukungu inateleza kama sabuni. Ivukeni ikiwa imekaa kama msalaba mbele ya tairi, kamwe si kwa ulalo, na mkiwa juu yake msiguse breki.

Mtae iacheni mpaka Agosti, mkiwa mmeshapata miguu. Ni takriban kilomita 60 kutoka Lushoto kupitia Lukozi, panda-shuka mwanzo mpaka mwisho, na lazima mlale huko. Asubuhi isiyo na ukungu mtasimama pale kwenye ukingo, tambarare za Mkomazi chini yenu, milima ya Upare upande mmoja, na mkibahatika Kilimanjaro kwa mbali. Chukueni sweta la kweli. Watu wa pwani huja na fulana mbili wakidhani zinatosha.

Naomba niseme na jambo linalonigusa. Zile njia nyembamba mnazozipenda, zinazopita kwenye kingo za matuta, ni njia zetu za kuchukulia kuni, maji na mboga. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani hawezi kuruka pembeni akisikia kengele, na akiruka anavunja tuta ambalo familia imelijenga kwa jembe. Mwaka juzi shangazi yangu aliangusha debe zima la nyanya kwa sababu ya kijana aliyeteremka kwa kasi akipiga kelele za furaha. Hakumgusa, na hakusimama. Mkiona mtu, shukeni kwenye baiskeli, mumpishe upande wa mlima, mumwamkie. Siku za gulio epukeni kabisa njia zinazoingia sokoni mpaka saa nane mchana.

Mwanabonde_Nakuru

Hamjambo ndugu wa Tanzania. Sisi huku tuna kikundi cha watu wanane, na hilo la mwenzenu asiyependa kusubiri tulilipitia. Tulikuwa tunaendesha Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, ambayo ni mojawapo ya mbuga chache ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na ngiri. Ukiingia kwa lango la Elsa, barabara inapita mbele ya Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba wa volkano ambao watu huupanda kwa kamba, kisha inaendelea kati ya kuta za miamba mpaka kwenye korongo. Ni tambarare kiasi, kwa hiyo wenye nguvu walikuwa wanatoweka, na walio nyuma walijikuta peke yao mbele ya kundi la nyati bila mtu wa kushauriana naye.

Tulichofanya ni kumpa yule mwenye nguvu zaidi kazi ya kuwa wa mwisho. Anabeba pampu, tyubu mbili za akiba, kiungo cha cheni na sanduku la huduma ya kwanza, na haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Mwanzoni aliona kama adhabu. Baada ya safari tatu alikuwa ndiye anayejua nani tandiko lake liko chini mno, nani anakunywa maji kidogo, nani anaanza kuchoka kabla mwenyewe hajatambua. Anayeongoza mbele awe mtu wa mwendo wa kati anayeijua njia, na kwenye kila njia panda asimame mpaka amwone wa mwisho kwa macho yake. Miinuko mirefu tunawaachia wenye nguvu wakimbie wapendavyo, kwa masharti kwamba wakifika juu wanarudi chini kukutana na wa mwisho na kupanda naye tena. Hivyo wanapata mazoezi yao maradufu na hakuna anayesubiri akiwa amepoa.

Nikubaliane na dada wa Mlalo kuhusu kusikiliza wenyeji, kwa sababu kwetu kuna somo zito. Korongo la Hell's Gate lilichukua maisha ya watu kwa mafuriko ya ghafla mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu yenu kukiwa na jua, na maji yakafika kama ukuta. Usambara si korongo, lakini mkipita mabonde yenye vijito, mwenyeji akisema juu kumenyesha, msibishane naye.

Mwendesha_Tanga

Mzee wetu wa Korogwe, shikamoo, na dada na ndugu wa Nakuru, ahsanteni sana. Niliyasoma majibu yenu kwa sauti tukiwa wote watano barazani, na mwenzetu aliyeumia alinyamaza kwa muda mrefu aliposikia habari ya mvuke. Kisha akasema kwamba mwaka mzima alidhani alibana breki vibaya kwa woga. Nina swali moja kwa mzee: ni kweli kwamba woga wake wa kushuka polepole ndio ulioongeza joto?

Fundi_Korogwe

Marahaba. Kushuka polepole huku breki zimebanwa muda wote kuliongeza joto, ndiyo, na hilo hufanywa na kila mtu asiyefundishwa. Lakini mafuta yangekuwa mapya, breki zingedhoofika na kunuka, naye angepata muda wa kusimama. Mwambie hivyo kama nilivyosema. Mkipita Korogwe leteni hizo baiskeli nizione, siku moja kabla, si asubuhi ya safari.

Mwendesha_Tanga

Narudi kuwaeleza, kwa kuwa mlitupa muda wenu. Jumamosi iliyopita tulifanya Mombo hadi Soni. Ijumaa tulilala Korogwe kwa ajili ya baiskeli, na mafuta yaliyotoka kwenye breki za mwenzetu yalikuwa meusi kama chai iliyolala, yana vitone vya maji chini ya kikombe. Mzee alimpa kikombe kile akitazame mwenyewe mwangani. Rafiki yetu mwenye nguvu alikubali kuwa wa mwisho, akabeba mfuko wote wa vifaa, na kwenye kona ya nne alikuwa ameshaziba pancha ya mmoja wa wageni wetu kabla sisi wa mbele hatujajua kuna pancha.

Mahali pa ajali tulipakuta tukiwa tunapanda, kama dada alivyotabiri. Alama kwenye ngema imeshafunikwa na nyasi. Alishuka, akaegemeza baiskeli, akatembea mpaka pale, akarudi akasema kona yenyewe ni pana kuliko alivyoikumbuka. Wakati wa kushuka tulisimama mara tano. Kila tuliposimama alikuwa wa kwanza kupeleka kiganja karibu na diski, akikihesabia mpaka kumi, kisha anapita kwenye baiskeli zetu nyingine moja baada ya nyingine kufanya hivyohivyo, na hatukuondoka mpaka aseme twende. Mama muuza mahindi wa Soni alitufungashia mawili ya njiani, na tumemwahidi kupita tena tukienda Irente wiki mbili zijazo.